Vidonge vya kutafuna vya kalsiamu sitrati: nyota nne

Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, hivi vinashinda vya kalsiamu kaboneti, aina nyingine ya kalsiamu. Kaboneti huhitaji asidi nyingi ili ifyonzwe, na tumbo lililopunguzwa huitoa kidogo, sitrati haiitegemei. Kipimo cha kawaida ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ila usivitafune vyote kwa mkupuo: mwili hufyonza vizuri takriban 500 kwa wakati mmoja, hivyo gawa mara tatu. Wengi hukosea kwa kuvichanganya na vidonge vya madini ya chuma. Kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa, acha saa mbili katikati. Ladha? Chaki yenye limau, ndiyo maana nyota moja imepotea.