Barabara au debe: mrengo wa kushoto Kenya ushike lipi?

Barabara, yaani maandamano, ina rekodi. Juni 25, 2024 vijana waliingia Bungeni Nairobi. Kesho yake Rais Ruto akakataa kutia saini Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi. Na kwa kuwa hawakuwa na kiongozi, hapakuwa na wa kununuliwa. Gharama yake ni damu: makumi waliuawa, wengine wakatekwa. Isitoshe, Desemba baadhi ya kodi zilirudi kwa sheria nyingine, kimyakimya.

Debe nalo, yaani uchaguzi? Linakupa nafasi ya kuandika bajeti yenyewe, si kuipinga tu. Ila kampeni hula pesa, na chama cha wanyonge kizitoe wapi? Halafu kuna utamu wa uwaziri: Julai hiyohiyo vigogo wa chama cha ODM, wapinzani wa jana, waliitwa kwenye baraza la mawaziri, wakaitika.

Mimi naegemea barabara, lakini ile ya vituo vya haki za kijamii kama cha mtaa wa Mathare, Nairobi, vinavyokaa na watu mtaani hata maandamano yakiisha. Na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027? Mrengo wa kushoto uanze na uwakilishi wadi, yaani viti vya mabunge ya kaunti. Maji na taka huamuliwa kwenye kaunti, si Ikulu.