Miezi nane na vifaa vipya vya jikoni: ninavyovipenda na vinavyonichosha

Miezi nane sasa tangu mafundi watoke jikoni kwetu, na nilijizuia kuandika mapema maana kifaa kikiwa na wiki moja kila mtu anakisifia, stika bado zimebandikwa, kila kitu kinang'aa. Saa hizi kila kimoja nshakijua tabia yake. Tulinunua vitano kwa mpigo: jiko la umeme la indaksheni, oveni ya kuingiza kwenye kabati, friji yenye friza chini, mashine ya kuosha vyombo na feni ya kuvuta moshi juu ya jiko. Majina ya kampuni nayaacha makusudi, modeli zinabadilika kila mwaka na kampuni hiyohiyo inaweza kukupa friji nzuri na oveni ya kuumiza kichwa, ila mambo yaliyonipata mimi yanaweza kumpata yeyote anayekarabati jiko lake.

Nianze na jiko maana ndo lililonifurahisha kuliko vyote. Mi nilikuwa mtu wa gesi miaka yote, na nilibishana na mume wangu wiki mbili nzima nikidai indaksheni ni urembo tu. Kwa ambaye hajawahi kulitumia: chini ya kile kioo unachowekea sufuria kuna koili za shaba (waya uliozungushwa), umeme ukipita zinatengeneza nguvu ya sumaku inayogeuka maelfu ya mara kwa sekunde, na hiyo nguvu inapasha sufuria yenyewe, kioo kinapata joto lake kutoka kwa sufuria. Kwa hiyo hakuna ule moto unaopanda pembeni ya sufuria na kukuchemsha wewe mpishi. Niliwahi kupima, lita moja ya maji ya bomba, sufuria imefunikwa, nimeweka kilowati 2, dakika nne hazikuisha maji yakawa yanatokota! Ila kilichoniteka zaidi ya kasi ni utii wake. Maziwa yakianza kupanda unashusha namba na yanatulia palepale, hakuna chuma cha moto kinachoendelea kuyapika baada ya we kupunguza. Usafi nao, aisee, nafuta kwa kitambaa kibichi kioo kikishapoa na kazi imeisha, kwa sababu kilichomwagika hakiungui na kugandamana kama kwenye yale majiko ya sahani za chuma.

Sasa sufuria. Chukua sumaku yoyote uibandike chini ya kila chombo ulichonacho kabla hujalipia jiko la aina hii, ikishika kwa nguvu kinafaa, ikidondoka hakifai. Aluminiamu tupu, shaba, kioo, udongo, vyote haviendi isipokuwa viwe vimewekewa bamba la chuma chini, na hata stenlesi kuna nyingine hazishiki. Mimi kati ya sufuria kumi na moja zilipita nne. Na ile kikaango ya chuma kizito niliyorithi kwa mama, ambayo nilidhani ndo itakuwa ya kwanza kukataliwa, ikawa inafanya vizuri kuliko zote, naiinua tu badala ya kuiburuta ili kioo kisipate mikwaruzo. Halafu usishtuke ukisikia mlio kama wa nyuki, sufuria nyepesi zenye tabaka zinalia zikipewa nguvu kubwa, nzito zinanyamaza. Aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo amuulize daktari wake kwanza kabla ya kuleta jiko hili nyumbani.

Lawama yangu moja kwenye jiko ni swichi za kugusa. Kidole kikiwa na maji hazisikii, kitambaa kikidondokea pale linapiga kelele na kujizima lote, na hapo labda una vitu vitatu motoni. Kila siku inatokea, wala sio jambo la mara moja moja. Zipo modeli zenye swichi za kuzungusha na nikinunua tena nitazitafuta hizo hata kama zinachukua nafasi.

Na umeme! Zoni zote nne, yaani sehemu za kuwekea sufuria, zikiwaka kwa pamoja jiko letu linavuta kilowati 7 na kitu, kwa volti 230 hiyo inapita ampia 30, kwa hiyo linataka waya wake mnene peke yake kutoka kwenye boksi la breka. Sisi tulichagua jiko baada ya ukuta kupigwa plasta na vigae kubandikwa. Fundi umeme akaja, akaangalia waya uliokuwepo, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, hapa bila kubomoa haiwezekani." Vigae vipya vya siku tisa vikatolewa. Nilikaa nje nisione.

Hapo ndo lilipo jambo ninalotaka mtu anayeanza ukarabati alisikie: vifaa vichaguliwe kwanza, kabla ya kabati, kabla ya waya, kabla ya vigae, uwe na karatasi ya vipimo ya kila kifaa mkononi umpe fundi seremala na fundi umeme siku ya kwanza. Sisi tulifanya kinyume, tukachora jikoni pazuri pa kuvutia halafu tukaanza kutafuta vitu vya kuingia kwenye matundu, na karibu kila kinachonikera leo kimetoka hapo.

Mfano friji. Friji yenyewe ni nzuri sana, kompresa yake ni ya inveta, yaani haiwaki na kuzima kwa kishindo kama ya zamani, inapunguza na kuongeza mwendo yenyewe, usiku huisikii. Niliweka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati nikakiacha usiku mzima (ukikiacha kwenye hewa tu kinadanganya kila mlango ukifunguliwa), ikasoma nyuzi 4, na friza inakaa kwenye -18, vilevile inavyotakiwa. Lakini kabati lilitengenezwa kwa upana wa friji bila kufikiria mlango, na upande wa bawaba kuna ukuta. Mlango unafika nyuzi 90 unagonga ukuta. Kwenye nyuzi 90 droo za mboga hazitoki nje kabisa, zinakwama kwenye raba ya mlango, kwa hiyo kuosha droo mpaka friji ivutwe mbele. Dukani hakuna anayekwambia hili kwa sababu friji za dukani zimesimama kwenye uwazi. Fungua mlango mwenyewe, vuta droo mwenyewe, angalia inahitaji nyuzi ngapi.

Vingine kuhusu friji haraka haraka: acha nafasi ya hewa nyuma na juu kama kitabu kinavyosema, joto linalotolewa ndani ya friji lazima lipate pa kwenda, ukiibana kompresa haipumziki. Angalia herufi za hali ya hewa zilizoandikwa kwenye lebo ya ndani, N imekusudiwa chumba cha hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43, na jikoni penye oveni pembeni panapata joto kuliko unavyofikiri. Na kama imesafirishwa ikiwa imelazwa, isimamishe masaa kadhaa kabla ya kuwasha ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Mashine ya kuosha vyombo sikuitaka. Niliona ni kitu cha watu wavivu na kitamaliza maji. Kumbe yetu kwenye programu ya eko inatumia lita 10 hivi kwa vyombo vya siku nzima, na mimi nikiosha kwa mkono bomba likiwa wazi nazipita hizo kabla sijafika nusu. Eko inachukua masaa matatu na zaidi, hilo liliniudhi mwanzoni, mpaka nilipoelewa kwamba kinachokula umeme hapo ni kupasha maji, basi inatumia maji ya joto la chini na kufidia kwa muda mrefu. Naiwasha tukienda kulala. Mwezi wa pili glasi zikaanza kuwa na ukungu, nikaandaa na maneno ya kwenda kulalamika, kisha nikasoma kitabu chote nikakuta chumba cha chumvi kilikuwa kitupu! Ile chumvi ni ya kusafisha kilainisha maji kilichomo ndani ya mashine, na maji yetu ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Nikaweka chumvi, nikarekebisha kipimo cha ugumu wa maji, na mizunguko michache baadaye glasi zilikuwa safi. Chujio la chini nalitoa kila Jumapili, ukilisahau harufu yake inakukumbusha. Na usisuuze vyombo mpaka ving'ae kabla ya kuviingiza, kwangua mabaki makubwa tu, sabuni ina vimeng'enya vinavyofanyia kazi uchafu wenyewe. Kitu kimoja nakiomba kwa dhati: nenda dukani na sahani yako kubwa kuliko zote. Zetu kubwa zinazuia mkono wa juu unaorusha maji usizunguke, na tumeishia kushusha na kupandisha rafu ya juu kila tukizitumia.

Oveni sina mengi. Inapika sawasawa mbele na nyuma, ukitumia feni yake ya ndani punguza nyuzi 20 kutoka kwenye joto la kawaida, na siku ya kwanza iwashe tupu kwa joto kali madirisha yakiwa wazi maana inatoa harufu ya mafuta ya kiwandani. Umeme ukikatika saa inafutika, na mpaka uiseti upya oveni haiwaki kabisa. Wiki ya kwanza tuliita fundi kwa ajili hiyo, akaja akabonyeza vitufe viwili akaondoka, na akakataa malipo, Mungu ambariki.

Feni ya moshi ndo inayoniuma. Tulipiga hesabu vizuri tu, chumba ni mita 4 kwa 3, kimo mita 2.5, hiyo ni mita za ujazo 30, na kwa kuwa inashauriwa hewa ibadilishwe angalau mara 10 kwa saa tulihitaji feni ya mita za ujazo 300 kwa saa kwenda juu, tukanunua ya 600 ili iende taratibu na kimya. Shimo lake la kutolea hewa ni sentimita 15. Aliyefunga kabati alikuwa ameshatoboa ukuta kwa bomba la sentimita 10, akaweka kipunguzio na kona mbili, akatuambia haina neno. Ina neno kubwa! Kutoka 15 kwenda 10 njia ya hewa inabaki chini ya nusu, feni inalia kama inabanwa koo, kwenye namba ya tatu hatusikilizani mezani, na mvuke bado unatulia kwenye milango ya kabati za juu. Rangi imeanza kuvimba ukingoni, kabati za miezi nane hizo. Kuna aliyetushauri tuweke chujio la mkaa hewa izunguke humohumo ndani, lakini mkaa unapunguza harufu tu, mvuke unarudi kama ulivyo, na kwangu mvuke ndo tatizo.

Jumamosi anakuja fundi mwingine kufungua kabati la juu na kupitisha bomba la sentimita 15 moja kwa moja hadi nje bila kona, na bawaba za friji anazihamishia upande wa kushoto, tumeshahakikisha kwenye kitabu kwamba zinahamishika. Nimempa karatasi za vipimo zote tano, na safari hii kazisoma mbele yangu na futikamba mkononi.