Kitengo cha dharura na moyo: waliniuliza kuhusu mafua

Nimelazwa siku tano katika kitengo cha moyo, naandika kuhusu huduma yao kabla sijaanza kusahau.

Nilifika dharura usiku wa manane, nimejishika kifua. Kilikuwa kinanibana katikati, maumivu yanashuka mkono wa kushoto. Nina miaka 34, sivuti sigara, sina kisukari wala presha. Hawakuniweka foleni. Nilibandikwa nyaya za kipimo cha umeme wa moyo hata jina langu halijaandikwa lote. Mistari ilisomeka kama ya mtu aliyepata mshtuko wa moyo, na kipimo cha damu kikakuta troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, iko juu. Wakanipitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, wakaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei. Mishipa yote ya moyo ilikuwa wazi, hakuna ulioziba kama kwenye mshtuko wa moyo wa kawaida.

Hapa ndipo nilipowaheshimu. Daktari wa zamu hakuridhika na mishipa mizima. Alivuta kiti, akaniuliza, "Wiki iliyopita uliumwa nini?" Nikamtajia homa, viungo kuuma, kikohozi. Mimi nilishahesabu yamepita. Wakachukua kipimo cha puani, kikaonyesha influenza A, kirusi cha mafua makali ambacho mara chache hufika hadi kwenye moyo. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ya siku ya pili ikamaliza ubishi: ni misuli ya moyo iliyovimba baada ya mafua yale, tena upande wa nje wa ukuta wake, ilhali mshtuko wa moyo huanza kuharibu upande wa ndani. Alinionyesha kwa kidole kwenye skrini, taratibu, akarudia nilipomwomba. Mke wangu akalia pale pale. Tangu usiku ule alikuwa hajatoa chozi.

Nyota moja naipunguza kwa siku ya kuruhusiwa. Karatasi niliyopewa ilikuwa na majina ya dawa na tarehe ya kliniki, basi. Mimi hucheza mpira kila Jumamosi, na nilikuwa nimeshapanga kurudi uwanjani. Nesi mmoja, Mungu ambariki, ndiye aliyenifuata hadi kwenye lifti: miezi mitatu hadi sita hakuna mazoezi mazito, maana moyo uliovimba ukikimbizwa, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla na mtu akaanguka akafa. Neno zito namna hiyo halifai kusubiri huruma ya nesi mmoja. Liandikwe juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa. Narudi kliniki mwezi ujao, nitawaomba ana kwa ana.