Daftari la mavi ya tembo, Neema Crafts Iringa

Jamani Wanairinga wenzangu, yani miaka yote nimekaa huu mji napita Neema Crafts najua ni duka la wazungu tu, watalii wanaenda Ruaha wanashuka wananunua vitu wanasepa. Juzi ndo nimeingia, tena kwa shida, binti wa mamdogo ana sendofu na stesheneri moja hapa mjini (siitaji) ilinipa kadi ambazo wino unabaki vidoleni, hela ishaenda.

Nikakuta daftari la karatasi ya mavi ya tembo. Ndio, mavi. Nikaangalia kulia kushoto nikalinusa. Halinuki kitu wadau! Ukiliweka kwenye mwanga unaona nyuzinyuzi zimelala huku na huku, hakuna kurasa mbili zinazofanana. Na ukifikiria inaingia akilini, tembo anakula hata kilo 150 kwa siku na zaidi ya nusu tumbo lake haliwezi kusaga, zinatoka nyuzi, sasa hizo zinaoshwa, zinachemshwa weee, zinapondwa, zinatandazwa kwenye wavu zinakauka. Sisi wa huku tuna msitu wa Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, tumezoea karatasi ni mti.

Aliyeanzisha Neema Crafts ni Susie Hart, msanii wa Uingereza, mwaka 2003, chini ya Anglikana Dayosisi ya Ruaha, alianza na vijana viziwi watatu. Watatu tu! Angeweza kukaa achore vyake auze jina lake, yeye ufundi akautia kwenye mikono ya watu ambao mtaani kwetu, tuseme ukweli, tunawaita mabubu na wengine wanafichwa ndani. Ila mi sikununua kwa huruma, daftari lenyewe ni zuri, mshono umenyooka. Bei usilinganishe na kaunta buku ya shule.

Kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi, oda unaandika. Mi kwa ushamba nikaanza kuongea, nikaona hajibu nikapaza sauti, mgahawa mzima umegeuka, dada wa watu akacheka akanisogezea kalamu. Aibu niliyopata! Akanifundisha na asante, vidole vinagusa kidevu halafu mkono unakuja mbele. Kahawa tamu, kwa baridi ile ya asubuhi niliongeza ya pili.

Angalizo: usiandikie peni ya wino wa maji, karatasi ya mkono inaunyonya unasambaa. Mi kwa kiherehere changu nimeandika jina la bibi harusi likawa doa, tumia bolpeni.

Daftari lenyewe binti hajalipata, mamdogo kalitaifisha, anaandikia michango ya harusi. Bado sijamwambia limetengenezwa na nini. Jana nimemkuta anatafuta nani hajalipa, analamba kidole anafunua ukurasa, analamba anafunua, nikanyamaza.