Follow Me ya FreePBX: simu ya ofisi isimezwe na sanduku la ujumbe la simu ya mkononi

Karibuni tena, wadau. Leo sina utangulizi mrefu kwa sababu nina furaha. Wiki nzima nimekaa na FreePBX, programu ya kuendesha simu za ofisi kwenye seva, na kuna kitu kimoja ndani yake nimekipenda mno. Kusakinisha, Asterisk ambayo ni injini inayokaa chini yake, kodeki yaani namna sauti inavyobanwa, hayo tulishayamaliza kwenye video za nyuma. Twende penye kidonda.

Kidonda chenyewe ni hiki. Mteja anapiga ekstensheni 201, yaani namba ya ndani ya simu yako ya mezani, hupo mezani, na umeseti simu ielekezwe kwenye mkononi. Mkononi nako hupokei. Sasa laini yako ya mkononi ina sanduku lake la ujumbe wa sauti. Likidaka tu, seva ya ofisi inajua simu imepokelewa. Kwa seva, mtu na mashine ni sawasawa: upande wa pili umeitika, basi kazi imekwisha. Ujumbe wa mteja unaishia kwenye sanduku lako binafsi. Taa nyekundu ya simu ya mezani haiwaki, barua pepe yenye rekodi haiji, na mwenzako wa ofisini hajui kitu. Kuna ofisi nimewahi kuifungia mfumo, wakapoteza ujumbe wa siku kadhaa kwa njia hii. Iliniuma sana.

Kwenye video moja niliwaambia mpunguze sekunde za kuita. Ushauri ule leo naufuta, na nataka mwone kwa nini. FreePBX ikiwa mpya inaita sekunde 15. Kama sanduku la mkononi linangoja sekunde 25, seva inawahi kuichukua simu, ujumbe unabaki ofisini. Safi. Lakini angalieni hapa: simu hii ya mkononi naizima. Imezimika, mnaiona. Napiga 201... mmesikia? Haijaita hata mara moja, sanduku la mkononi limeshadaka! Sekunde zako 15 zimesaidia nini hapo? Simu ikizimwa au ikikosa mtandao, hesabu ya sekunde haina maana.

Ndiyo maana nimeipenda Follow Me, sehemu ya FreePBX inayoita simu zako kadhaa mtu akipiga ekstensheni yako. Fungua ekstensheni yako, ingia humo, uiwashe. Kwenye orodha weka 201, na chini yake namba ya mkononi, na mwisho wa namba hiyo weka alama ya reli, #. Usisahau reli, maana ndiyo inayoiambia seva kwamba namba hii ni ya nje. Kisha tafuta Confirm Calls, yaani anayepokea athibitishe kwanza, weka ndiyo. Mkakati wa kuita uwe ringall, ziite zote pamoja. Hifadhi, halafu bonyeza kile kitufe chekundu cha Apply Config juu kulia. Maswali mengi mnayoniandikia kwamba "haifanyi kazi", jibu ni kitufe hicho.

Sasa jaribio. Simu ya mkononi bado imezimwa. Napiga 201. Mezani inaita... sanduku la mkononi limedaka, lakini mimi ninayepiga bado nasikia mlio wa kuita. Kwa nini? Seva imeliambia sanduku: kuna simu, bonyeza 1 kupokea. Sanduku halina kidole! Halibonyezi kitu, muda unakwisha, na... hiyo hapo, sauti ya sanduku la ofisi. Naacha ujumbe. Taa imewaka! Barua pepe imeingia!

Nawasha mkononi, turudie. Inaita, napokea, naambiwa nibonyeze 1, nabonyeza, tunaongea. Kweli, hatua hii moja ya ziada inaudhi kidogo mtu akiwa anaendesha gari. Bado naichagua.

Mtaniuliza, si kuna *72, ile unayobonyeza kwenye simu ili seva ielekeze simu zako zote kwenye namba nyingine? Ipo, na *73 ya kuiondoa. Ila *72 haiulizi aliyepokea ni nani, kwa hiyo kidonda kinabaki palepale. Kile kitufe cha kuelekeza kilicho kwenye simu ya mezani ndicho nisichokipenda kabisa. Hapo anayeelekeza ni simu yenyewe: inaijibu seva kwa msimbo wa 302, kwamba mwenyewe amehamia namba nyingine kwa muda. Chomoa waya wa mtandao, nani atajibu? Mpangilio wa kwenye seva unabaki hata simu ya mezani ikiwa imekufa.

Kuhusu gharama: FreePBX ya msingi ni bure, baadhi ya moduli, yaani vipande vya nyongeza, ndizo za kulipia, na hii niliyowaonyesha haimo kwenye hizo. Mifumo mingi ya wingu inatoza kila mtumiaji kila mwezi. Ila kumbukeni, simu ikitoka kwenda mkononi anayelipia safari ya pili ni ofisi, na inakula chaneli mbili za laini yenu, yaani nafasi mbili za maongezi ya wakati mmoja, moja ya kuingia na moja ya kutoka. Wenye chaneli 4 wafanye hesabu hiyo kwanza.

Na namba ya siri ya sanduku, tafadhali, isiwe 1234 wala isifanane na ekstensheni. Wezi wanatafuta mifumo yenye siri nyepesi, wanaelekeza simu kwenye namba ghali za nje ya nchi, na bili inakuja kwenu.

Video ijayo ni namba ya mteja kuonekana mkononi badala ya namba ya ofisi, mmeiomba sana. Jiungeni na chaneli, na kwenye maoni niandikieni: simu yako ikizimwa, sanduku la mkononi linadaka papo hapo au linakata?