Kabla hujamnunua winga wa leo yumo kesho hayumo, soma dakika zake

Nacheza Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambao unanunua wachezaji wa Ligi Kuu ya England kwa pesa za mchezo na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Mwezi wa pili nilimnunua winga mmoja wa klabu kubwa, jina lake nalihifadhi, kwa milioni 7.6. Nikakatwa pointi 4, kwa sababu uhamisho wa bure nilikuwa nimeshautumia. Alikuwa ametoka kufunga magoli matatu ndani ya wiki mbili. Jumamosi ile nilikuwa kibandani na mpwa wangu, simu mkononi, vikosi vikatoka: winga yuko benchi. Sikuona tatizo. Mchezaji asipogusa uwanja kabisa, nafasi yake inachukuliwa na wa kwanza kwenye benchi lako, na wangu alikuwa beki ambaye mchana huohuo alifunga kwa kichwa na timu yake haikuruhusu goli. Goli la beki pointi 6, klin shiti (timu kutofungwa) 4, kucheza dakika zote 2, bonasi 3. Pointi 15 zilikuwa mlangoni.

Dakika ya 88 mpwa wangu akaniambia, "Shangazi, anavua bibu." Winga akaingia, akapiga pasi moja ya kurudi nyuma, filimbi ikalia. Pointi 1. Beki wangu akabaki benchi na 15 zake.

Tangu siku hiyo nikiulizwa kama mchezaji asiyetabirika anafaa kununuliwa kwenye Fantasy Premier League, sianzi na fomu wala ratiba. Hayo kila mtu anayasema na kila mtu anayaona. Mimi nauliza kocha anamtoa dakika ya ngapi, na asipoanza, anamwingiza lini.

Hesabu yake ni hii. Mchezaji akicheza chini ya dakika 60 anapata pointi 1. Akifika 60 anapata 2. Kiungo anahitaji dakika 60 hizohizo apate pointi ya klin shiti. Ni ndogo ukiziangalia moja moja, lakini mchezaji wa aina hii atakaa wiki nne au tano bila goli wala asisti (pasi ya goli), na katika wiki hizo ni karibu hizo pekee anazokuletea. Halafu kuna kubwa zaidi: anayetoka dakika ya 58 hayupo mabeki wanapochoka, hayupo penati ya dakika ya 80 inapotolewa. Siku yake ya kulipuka hakuna anayeijua. Kwa hiyo unachonunua hasa ni uhakika kwamba siku hiyo ikifika atakuwa uwanjani.

Kukagua ni rahisi. Bonyeza jina lake kwenye programu, shuka kwenye orodha ya mechi alizocheza, soma safu ya dakika peke yake. Angalia kumi za mwisho. Zikiwemo zaidi ya tatu zilizo chini ya 60, mimi siweki pesa, hata awe ametoka kupiga hat-trick. Na ukikuta 4, 11, 2, mkimbie mapema, maana huyo ndiye anayefungia benchi lako mlango.

Sasa niwapange wachezaji wa aina hii, kuanzia anayefaa zaidi.

Wa kwanza, bila kusita, ni mshambuliaji wa klabu ya katikati ya msimamo anayepiga penati na ambaye kocha hana mtu wa kumbadili naye. Na duka langu la bidhaa hii ni klabu ya Brentford. Nasema wazi kwamba naipendelea, na sababu ninazo. Msimu wa 2022/23 Ivan Toney alifunga magoli 20 ya ligi. Alipouzwa Saudi Arabia mwaka 2024, watu walisema biashara imekwisha. Msimu uliofuata Bryan Mbeumo akarithi penati, akafunga 20, akacheza mechi zote 38. Yoane Wissa wa Kongo naye akafunga 19. Mbeumo alianza msimu huo kwa milioni 7.0, tena kwenye mchezo aliorodheshwa kama kiungo, maana yake kila goli lake lilikuwa pointi 5 badala ya 4 za straika. Wissa alianza kwa 6.0. Kiangazi cha 2025 wote wawili wakaondoka, Mbeumo Manchester United na Wissa Newcastle, penati zikaenda kwa Igor Thiago. Jina hubadilika, nafasi inabaki. Na kwa miaka yote hiyo Brentford hawakuwa na mechi za Ulaya katikati ya wiki, kwa hiyo kocha hakuwa na sababu ya kumpumzisha mtu Jumamosi. Walikuwa na wiki zao kavu, sikatai. Lakini ulikuwa unajua wapo.

Jarrod Bowen wa West Ham namweka kundi hilohilo. Alifunga 16 msimu wa 2023/24 na 13 uliofuata, timu ikiwa hovyo.

Wa pili ni nyota anayezimika huku kocha akiendelea kumpanga. Cole Palmer wa Chelsea ndiye mfano wangu. Tarehe 28 Septemba 2024 aliwafunga Brighton manne katika kipindi cha kwanza, jambo ambalo hakuna mchezaji mwingine alikuwa amelifanya kwenye Ligi Kuu ya England. Kisha, baada ya goli lake dhidi ya Bournemouth katikati ya Januari 2025, hakufunga tena kwenye ligi mpaka tarehe 4 Mei, kwa penati dhidi ya Liverpool. Karibu miezi minne. Alipokuwa mzima alipangwa, na penati hazikuondoka mikononi mwake, ndiyo maana simshushi zaidi ya hapa. Tatizo ni kwamba alianza msimu kwa 10.5. Kwa bei hiyo ukame wa miezi minne unakula kikosi kizima: kila wiki unamtazama beki wa 4.0 na kiungo asiyecheza uliowaweka ili umlipie yeye.

Wa tatu ni straika mwenye mrithi anayepasha misuli. Ollie Watkins wa Aston Villa msimu wa 2024/25 alifunga 16, si haba hata kidogo. Lakini mwanzoni mwa msimu Jhon Durán alikuwa akiingia na kufunga magoli ya ushindi, na kila bao lake lilimpa kocha sababu ya kumtoa Watkins mapema zaidi. Durán akauzwa Januari. Haikupita muda Marcus Rashford akaja kwa mkopo. Kabla hujanunua straika, tazama nani amekaa nyuma yake.

Wa mwisho ni Darwin Núñez alipokuwa Liverpool, na wote wanaofanana naye. Januari 31, 2024 aligonga mwamba mara nne katika mechi moja dhidi ya Chelsea. Januari 18, 2025 aliingia kutoka benchi dhidi ya Brentford, tena Brentford yangu, akafunga mawili katika dakika za nyongeza. Magoli ya namna hiyo ndiyo yanayotuponza: tunayaona Jumamosi, Jumapili tunanunua. Msimu mzima wa 2024/25 alifunga matano ya ligi.

Wa bei ya chini sina mengi. Chris Wood wa Nottingham Forest alianza msimu wa 2024/25 kwa 6.0 akafunga 20, na tangu hapo kila mtu anatafuta Wood wake. Wengi wa kundi hilo ni watu wa benchi.

Kinachoniuma zaidi ni mtindo wa bei. Ukimnunua mtu kwa 7.0 akapanda hadi 7.3, ukimuuza unapewa 7.1, nusu ya faida, tena ile 0.15 inakatwa ikawa 0.1. Akishuka baada ya wewe kumnunua, hasara yote ni yako. Na bei hizo hubadilika usiku, sisi huku tumelala. Unaamka kwenda kazini unakuta mchezaji uliyempigia hesabu jana amepanda 0.1 na humudu tena. Mchezaji wa vipindi ndiye anayekuumiza zaidi hapo, kwa sababu watu humkimbilia akifunga na kumtupa akinyamaza, bei inapanda na kushuka naye, na kila ukiingia na kutoka unaacha kitu.

Halafu kuna wauza vikosi. Winga wangu yule sikumchagua peke yangu. Nilimtumia kijana mmoja shilingi 5,000 kwa simu anitumie "kikosi cha uhakika". Orodha ikaja Ijumaa usiku, winga juu kabisa, nyota tatu pembeni ya jina lake. Timu yake ilikuwa imecheza Ulaya Jumatano, na katika mechi zake sita za mwisho mbili alikuwa ametoka kabla ya saa moja ya mchezo. Yote hayo yalikuwa pale kwenye programu, bure. Nilipomwandikia Jumapili kudai maelezo, akanijibu mpira ni mpira, kisha akanitoa kwenye kundi. Hela ya mtu ya bando la wiki nzima!

Dirisha la kubadili kikosi linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki; kwa majira ya baridi ya kule, mechi hiyo ikiwa ile ya mapema Jumamosi, ni saa nane mchana kwa saa za huku. Vikosi hutangazwa baada ya hapo, kwa hiyo usisubiri kikosi kikuokoe. Ijumaa jioni fungua safu ya dakika, uhesabu.