Soksi ya goti, mashine za umeme na ngazi ya nyumbani: uzoefu wangu

Naishi Umoja, mtaa wa Nairobi, orofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Nalitaja hilo mapema kwa sababu goti langu lilinishtakia ngazini kabla ya kunishtakia uwanjani. Kupanda nilikuwa napanda. Kushuka ndiko kulikonishinda. Jumapili moja asubuhi, baada ya mechi ya Jumamosi, nilishuka ubavuubavu kama kaa, kiganja ukutani, huku mtoto wa jirani aliye darasa la pili akinipita na debe lake la maji.

Mimi ni beki wa kati wa timu ya wazee. Wazee kwetu ni yeyote aliyepita miaka 35. Mimi nina 43. Tunacheza saa kumi jioni kwenye uwanja wa vumbi na kokoto ambao mvua ikinyesha huwa shamba la mpunga na jua likiwaka huwa saruji. Miaka sita goti halikuwahi kuninung'unikia. Kisha mwezi Mei tukajiandikisha kwa mashindano ya mtaa, na kocha wetu, aliyejiteua mwenyewe, akaongeza mazoezi Jumanne na Alhamisi. Kutoka siku moja kwa wiki hadi tatu, ghafla, kwa mwili ambao siku nyingine zote unashinda kwenye kiti cha ofisi. Kufikia mwisho wa Juni nilikuwa na maumivu mbele ya goti la kulia, kuzunguka pia ya goti, kile kifupa cha mbele. Halikuvimba, wala sikuwa nimeumia siku fulani ya kuitaja.

Matatu ilikuwa adhabu ya pekee. Saa nzima kwenye foleni ya Jogoo Road, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, na ukifika mjini goti limekakamaa kama bawaba yenye kutu. Hatua kumi za kwanza nilikuwa nachechemea, ya kumi na moja ndiyo linaachia.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Ni baridi ya Julai. Ni uzee, tundika daluga. Wengi zaidi walisema goti limeishiwa mafuta, kwa hiyo nile bamia na supu ya miguu ya ng'ombe. Mama watoto akapika bamia wiki mbili mfululizo mpaka watoto wakagoma. Baadaye nilielezwa kwamba ute wa goti hutengenezwa na utando ulio ndani ya kiungo chenyewe, na kwamba utelezi wa bamia unaishia tumboni kama chakula kingine chochote. Bamia haina kosa, ila si grisi.

Sasa nije kwenye vitu nilivyolipia.

Cha kwanza ni soksi ya goti, ile nyeusi ya mpira mzito yenye tundu la pia ya goti, Sh850 katika duka la vifaa vya michezo katikati ya jiji. Muuzaji alinitazama mguu akasema "wewe ni saizi kubwa", nami nikakubali kama mtu anayenunua kofia. Kosa. Saizi hupimwa kwa futi ya fundi cherehani kuzungushwa mguuni, mahali ambapo karatasi ya pakiti imeonyesha, na yangu ilikuwa kubwa mno. Kufikia dakika ya 20 ilikuwa imeshateremka kwenye muundi, nami nasimama katikati ya mchezo kuivuta kama mtoto mwenye suruali isiyo na mshipi. Nilirudi kununua ndogo zaidi, Sh850 nyingine, kwa kuwa iliyokwisha kuvaliwa hawaipokei. Haki yao, naelewa.

Ile iliyonikaa sawasawa niliipenda, nisidanganye. Inashika joto, goti linaamka haraka, na unacheza bila kulifikiria kila unapogeuka. Lakini ukiivua maumivu unayakuta palepale ulipoyaacha, maana haiongezi nguvu yoyote mguuni. Nyuma ya goti ilijikunja ikanitoa vipele, na baada ya wiki tatu ilinuka hata nikaambiwa niianike nje ya nyumba. Ifue kwa mkono, uianike kivulini.

Nikajaribu na vidonge vya maumivu vya dukani, siku tisa, nikimeza kimoja kabla ya mechi. Tumbo likaanza kuwaka moto. Nilipoviacha likatulia. Jeli ya diklofenaki ya kupaka haikunisumbua, na jioni ilinipunguzia, ila nayo haikuwa imegusa chanzo.

Kisha nikaenda kliniki ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Ya kwanza siitaji. Ina mapokezi ya vioo na televisheni kubwa. Nilipigwa picha ya eksirei, ikatoka safi, halafu nikauziwa kifurushi cha kwenda mara sita kwa Sh9,000, nilipe kwanza. Mara tatu nililazwa kitandani, nikawekewa kitambaa cha moto, nikabandikwa vile vipande vinavyotekenya kwa umeme, mwisho nikapakwa jeli na kusuguliwa na kichwa cha mashine ya mawimbi ya sauti. Raha tupu. Nililala hadi nikakoroma. Jioni yake napanda ngazi vizuri, kesho yake asubuhi nashuka kama kaa. Katika hizo mara tatu hakuna aliyeniambia nisimame nimwonyeshe ninavyotembea. Nilipoomba salio la mara tatu zilizobaki, dada wa mapokezi, kwa upole wote, alinyooshea kidole kibao kidogo ukutani kilichosema fedha hazirudishwi. Kibao hicho sikuwa nimekiona nilipokuwa nalipa.

Kipa wetu ndiye aliyenielekeza kwa mtaalamu wa pili. Msichana mdogo, huenda bado hajafika 30, ana chumba kimoja, kitanda kimoja, mpira mkubwa wa kukalia na ngazi ya mbao ya hatua moja. Chumba chenyewe kiko orofa ya tatu bila lifti. Nilipofika juu nahema akaniuliza, "Mzee, umesikia maumivu hatua ya ngapi?" Sikupenda hilo neno mzee, lakini swali nililipenda.

Alinihoji kwa muda mrefu: nacheza wapi, viatu gani, nimeongeza nini na lini. Nilipofika kwenye habari ya kocha na Jumanne na Alhamisi, alitikisa kichwa akaandika. Kisha akachukua simu yangu, akaniambia nisimame juu ya ile ngazi kwa mguu wa kulia, niteremshe kisigino cha kushoto polepole hadi kiguse sakafu. Nikafanya mara tano. Akanionyesha video.

"Ona goti lako linavyokwenda kumsalimia mwenzake."

Kweli. Kila nikishuka, goti la kulia lilikuwa linaanguka ndani, na nyonga upande wa pili inazama. Akanieleza kwamba pia ya goti huteleza kwenye mfereji wake katika mfupa wa paja, na kwamba ukishuka ngazi inakandamizwa kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wako mara kadhaa. Misuli ya paja na ya kando ya nyonga ikiwa dhaifu, mzigo huo unakaa vibaya. Ukiongeza na siku mbili za mazoezi kwa mkupuo, goti linalalamika. Gegedu yangu, yaani ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, alisema hana sababu ya kudhani imeisha. Na ule mlio wa krr-krr nilioogopa kuliko maumivu yenyewe? Ukilia bila kuuma, uache ulie.

Kazi aliyonipa inachosha kwa jinsi ilivyo ndogo. Kushuka kwenye ngazi kwa hesabu ya tatu, mara kumi, raundi tatu. Kulala chali na kuinua makalio kwa mguu mmoja. Kulala ubavu na kuinua mguu wa juu ukiwa umefungwa raba ya mazoezi. Kuegemea ukuta kama umekalia kiti kisichokuwepo, sekunde 45, na hapo ndipo nilipogundua kuwa sekunde ni ndefu. Kila siku ya pili. Maumivu yakiwa hadi 3 kati ya 10 naruhusiwa kuendelea, mradi kesho yake asubuhi yawe yametulia. Mpira hakuupiga marufuku. Alisema Jumamosi pekee, dakika 30, halafu tutaongeza. Alinitaka nirudi baada ya wiki mbili mbili, mara nne tu, Sh2,000 kila mara, na akanionya nisitarajie makubwa kabla ya wiki sita.

Wiki mbili za kwanza sikuona chochote. Ya tatu nilijitia ujanja, nikafanya kila siku, goti likawaka nikarudishwa nyuma. Ya sita nilikuwa nateremsha mtungi wa gesi wa kilo 6 kwenda kuubadilisha, nikafika orofa ya pili ndipo nikashtuka kwamba sikuwa nimegusa ukuta. Nikasimama pale na mtungi wangu, nikapanda tena hatua tatu, nikashuka upya kuhakikisha. Mama mmoja aliyekuwa anapiga deki aliniangalia sana.

Lawama zangu kwake zipo. Huchelewa, mara moja alinikalisha kwenye benchi dakika 50, na benchi lenyewe ni fupi, yaani ni la kuumiza goti. Karatasi ya mazoezi ilikuwa nakala ya nakala, michoro haionekani. Ile video ya simuni ndiyo iliyoniokoa.

Beki wetu wa kushoto aliposikia habari yangu alitaka nimpe mazoezi hayohayo. Nilimkatalia. Shida ya goti lake ilianza alipogeuka ghafla akasikia "pah" ndani ya goti, na kabla ya usiku lilikuwa limevimba kama kifuu cha nazi. Goti la namna hiyo, au linalokwama likakataa kunyooka, au lisiloweza kubeba uzito wako, halihitaji ngazi ya mbao wala soksi. Huyo alipelekwa hospitalini, ikaonekana kano ya ndani imekatika, na safari yake ni ndefu kuliko yangu.

Leo ni mwezi wa tano tangu nianze mazoezi ya ngazi. Nacheza dakika 60, nafanya mazoezi mara mbili kwa wiki sebuleni, na soksi naivaa siku za baridi tu. Kilichobaki ni Jogoo Road. Nachagua kiti cha kando ya njia ili ninyooshe mguu, na kila tukikaribia steji makanga ananipigia kelele, "Mzee, rudisha mguu, watu washuke!"